Jinsi ya Kupima Nyimbo Unazochaguliwa na Mashine, na la Kufanya Ukishajua

Akili unde ikitajwa pamoja na muziki, fikira za wengi hukimbilia wimbo ulioimbwa na kompyuta. Nyimbo hizo zipo, tena tele. Novemba 2025 kampuni ya muziki wa mtandaoni ya Deezer ya Ufaransa ilitangaza kwamba inapokea zaidi ya nyimbo 50,000 kwa siku zilizoundwa na mashine mwanzo hadi mwisho, karibu asilimia 34 ya nyimbo zote mpya zinazoletwa kwake. Januari mwaka huo huo zilikuwa 10,000 hivi. Lakini kampuni hiyo hiyo ilisema wakati huo kwamba nyimbo hizo zilichukua takriban asilimia 0.5 tu ya usikilizaji. Kwa hivyo ukitaka kujua mashine imekushika wapi, usianze na mwimbaji. Anza na yule anayeamua ni wimbo gani utafuata huu unaousikia sasa.

Uamuzi huo huacha alama. Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhifadhi rekodi ya kila wimbo uliocheza kwenye akaunti yako: saa ulipocheza, ulicheza kwa milisekunde ngapi, kwa nini ulianza na kwa nini uliisha. Rekodi hiyo unaweza kuiomba bila malipo, ukaifungua kwenye Excel na kuhesabu mwenyewe. Kuhesabu huchukua saa moja au mbili. Kusubiri faili ndiko kunakochosha.

Mashine inavyochagua

Mbinu yenye nguvu zaidi ni kulinganisha wasikilizaji. Mashine haihitaji kujua benga ni nini. Inaona tu kwamba waliosikiliza wimbo wa kwanza na wa pili aghalabu husikiliza pia wa tatu, basi wewe uliyesikiliza miwili unaletewa huo wa tatu. Mbinu nyingine ni kupima sauti yenyewe: kasi ya mapigo, ufunguo, nguvu, kama kuna mtu anaimba au ni ala pekee. Nyingine tena ni kusoma yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu msanii. Spotify ilijiongezea utaalamu huo ilipoinunua kampuni ya The Echo Nest mwaka 2014.

Hapo ndipo muziki wetu wa Kenya, kama benga, ohangla na mugithi, unapoumia. Kulinganisha wasikilizaji kunahitaji takwimu nyingi, na wimbo wa ohangla wenye wasikilizaji mia chache una majirani wachache wa kulinganishwa nao. Kusoma maandishi kunahitaji maandishi, nayo yaliyoandikwa kuhusu mugithi au muziki wa Kikamba ni haba. Halafu kuna fujo ya majina. Kazi za mwanamuziki wa benga D.O. Misiani zimesambazwa kwa majina kama Shirati Jazz na D.O. 7 Shirati Jazz. Mashine ikikuta majina tofauti huhesabu wasanii tofauti, na kila jina linabaki na kipande chake kidogo cha wasikilizaji. Ndiyo maana unaweza kuanza jioni na benga, ukajishughulisha jikoni, kisha ukashtuka kwamba kinachocheza ni amapiano ya Afrika Kusini. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Mashine huteleza kuelekea penye takwimu nyingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na watafiti wa Spotify yenyewe ulikuta kwamba usikilizaji unaoongozwa na algoriti, yaani kanuni ambazo mashine hutumia kuchagua, huwa na aina chache za muziki kuliko ule wa kujichagulia, na kwamba wasikilizaji waliopanuka kadiri muda ulivyosonga ni wale waliopunguza kutegemea mapendekezo. Kampuni ilisema hivyo kujihusu, nasi hatuna sababu ya kubisha.

Kuomba faili

Tumia kivinjari, si programu ya simu. Ingia spotify.com, fungua ukurasa wa akaunti, nenda sehemu ya faragha palipoandikwa "Account privacy", kisha ushuke hadi "Download your data". Kuna visanduku kadhaa vya kutia tiki. "Account data" hutayarishwa ndani ya siku 5 hivi, lakini historia yake ni ya mwaka mmoja tu na haina sababu za wimbo kuanza au kuisha. Unachohitaji ni "Extended streaming history", ambacho huchukua hadi siku 30 na hurudi nyuma hadi siku ulipofungua akaunti. Kwa kuwa Spotify iliingia Kenya rasmi Februari 2021, wengi wetu tuna miaka kadhaa ya rekodi. Tia tiki vyote viwili. Kile cha kwanza kina faili iitwayo Inferences, ambayo ni orodha ya yale kampuni inayokukisia kwa ajili ya matangazo. Isome hata kama ni kwa kucheka tu.

Ombi hukwama mahali pamoja kuliko kwingine kote: barua pepe ya uthibitisho. Ukishabofya kitufe cha kuomba, unatumiwa barua yenye kiungo cha kuthibitisha, na usipokibofya ombi halianzi kamwe. Angalia kwenye kapu la barua taka. Kama ulijiandikisha kwa Facebook au kwa namba ya simu, hakikisha kwanza ni anwani gani ya barua pepe iliyo kwenye akaunti, kwa sababu huenda ni ile uliyoiacha zamani. Faili ikifika ipakue mapema, maana kiungo chake huisha muda.

Kama huna kompyuta na unategemea saiba, kuwa mwangalifu. Faili hizi zina anwani ya intaneti ya kila mahali uliposikilizia na aina ya simu uliyotumia. Zipakue moja kwa moja kwenye flashi yako, kisha futa kilichobaki kwenye folda ya Downloads na umwage pipa la takataka la kompyuta. Usizipandishe kwenye tovuti zinazojitolea kukubadilishia faili bure. Hujui zinabaki wapi.

Kuifungua kwenye Excel

Fungua zipu. Utakuta faili zenye majina yanayoanza na Streaming_History_Audio, kila moja ikiwa na mwaka au miaka yake, zikiishia na .json. Zile za video ziache.

Kwenye Excel ya Windows ya 2016 au mpya zaidi, bofya Data, Get Data, From File, From JSON, uchague faili ya mwaka mmoja. Dirisha likifunguka, bofya "To Table", kisha ubofye alama ya mishale miwili juu ya safuwima. Itakuonyesha orodha ndefu ya vipengele. Ondoa tiki zote, urudishe hizi tu: ts, ms_played, master_metadata_track_name, master_metadata_album_artist_name, reason_start, reason_end na shuffle. Ondoa pia tiki ya kutanguliza jina la asili, la sivyo vichwa vya safuwima vitakuwa virefu visivyosomeka. Bofya "Close & Load". Kwa mpangilio huo, safuwima A ni saa, B ni milisekunde, C ni wimbo, D ni msanii, E ni sababu ya kuanza, F ni sababu ya kuisha, na G inaonyesha kama nyimbo zilikuwa zikichanganywa.

Google Sheets haifungui faili za aina hii moja kwa moja, na matoleo ya zamani ya Excel ya Mac hayana mlango huo. Anayejua Python atamaliza kazi hii kwa mistari michache ya pandas.

Kabla ya kuhesabu, futa safu ambazo safuwima C ni tupu, kwa kuwa hizo ni podikasti. Kumbuka pia kwamba saa zilizomo ni za UTC, yaani saa za kimataifa, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Palipoandikwa 18:22 hapa kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 22 usiku. Kama safuwima A bado ni maandishi, fomula hii huigeuza na kuongeza hizo saa tatu:

=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))+3/24

Kusoma kilichomo

Moyo wa kazi ni safuwima E. Neno "clickrow" maana yake uligusa wimbo huo kwa kidole chako. "Playbtn" ni kitufe cha kucheza. "Backbtn" ni kurudi nyuma, ishara nzuri kwamba wimbo ulikunoga. "Fwdbtn" ni kwamba uliruka uliotangulia ukaangukia huu. "Trackdone" ni kwamba uliotangulia uliisha na huu ukaanza wenyewe.

Anza na hesabu rahisi. Chukua nyimbo zilizocheza sekunde 30 au zaidi tu, kwa sababu Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa kuanzia hapo. Sehemu uliyoichagua kwa kidole ni:

=COUNTIFS(B:B,">=30000",E:E,"clickrow")/COUNTIF(B:B,">=30000")

Namba itakayotoka huwa ndogo, na watu hushtuka bure. Trackdone haimaanishi moja kwa moja kwamba mashine imekuchagulia. Ukigusa wimbo wa kwanza wa albamu yenye nyimbo kumi na mbili ukauacha uendelee, ni clickrow moja na trackdone kumi na moja, na zote umezichagua wewe. Hesabu hii peke yake haitoshi. Wanaoishia hapo hutoa hukumu isiyo ya haki kwa mashine, na ni mara chache tunaitetea mashine.

Fanya hivi badala yake. Tengeneza PivotTable, yaani jedwali la muhtasari la Excel: wasanii wawe safu, sababu za kuanza ziwe safuwima, na thamani iwe idadi ya nyimbo. Chuja zibaki zile za sekunde 30 na zaidi. Sasa mtafute kila msanii ambaye chini ya clickrow, playbtn na backbtn ana sifuri, lakini chini ya trackdone na fwdbtn ana namba. Huyo hujawahi kumtafuta hata siku moja. Aliletwa. Jumlisha nyimbo za wageni hao wote, ugawe kwa jumla ya nyimbo zako za mwaka, na hapo una kipimo cha maana.

Kipimo hicho kina mianya. Orodha aliyokutengenezea rafiki itahesabiwa kama ya mashine. Ukicheza orodha yako mwenyewe kwa kuchanganya, wimbo wa kwanza unaobeba playbtn ni wa bahati nasibu, kwa hivyo angalia safuwima G kabla ya kuamua. Na kama simu yako ndiyo huchomekwa kwenye spika ya kinyozi au ya matatu, nusu ya wageni wako ni wa wateja.

Wageni wengi si ugonjwa. Swali ni kama kuna mgeni aliyegeuka mwenyeji. Chukua orodha ya wageni wa mwaka jana, uitafute kwenye faili ya mwaka huu: ni wangapi sasa wana clickrow? Wakiwepo hata kumi na watano, mashine inakufanyia kazi, inakutambulisha kwa watu unaowarudia. Kama hakuna hata mmoja, kinachocheza ni kelele ya kujaza chumba, na muziki wako wa kweli umesimama palepale.

Hesabu mbili zaidi zinafaa. Ya kwanza ni ya kukataa: safu ambazo B iko chini ya 30000 na F ni "fwdbtn". Zipange kwa msanii. Msanii unayemruka mara kwa mara na bado analetwa, hapo ndipo pa kutumia kitufe cha kumzuia. Ya pili ni ya saa. Chuja kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ukikuta mfululizo wa trackdone usio na mguso wowote, ulilala simu ikiendelea, na kwa muda huo wote mashine ilijifunza kwamba unapenda sauti ya mvua kuliko kitu kingine chochote.

Usingizi huo una bei yake. Spotify hugawa mapato kwa mafungu kulingana na idadi ya kusikilizwa, hivyo nyimbo zilizocheza ukikoroma zinachukua sehemu ya fungu ambalo lingekwenda kwa msanii uliyemsikiliza ukiwa macho. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote kwa rekodi yake. Kwa bendi ndogo ya Nairobi, kusikilizwa mara mia za ziada si jambo la mzaha.

Kurekebisha

Zima kwanza Autoplay, ambayo huendelea kukuchezea nyimbo nyingine ulichochagua kikiisha. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya uchezaji. Albamu ikiisha, kimya. Kuna sababu ambayo wengi hawaijui: Spotify ina mpango uitwao Discovery Mode, uliotangazwa mwishoni mwa 2020, ambapo msanii au lebo inakubali kukatwa kamisheni ya asilimia 30 kwa usikilizaji unaotokana na mpango huo, na wimbo wake unaongezewa nafasi kwenye redio za algoriti na Autoplay. Wewe msikilizaji huoni alama yoyote kwenye wimbo huo.

Kisha kagua kitufe cha kuchanganya nyimbo. Tangu 2023 kuna Smart Shuffle, ambayo kwenye orodha yako yenye nyimbo zaidi ya 15 huingiza pendekezo moja kwa kila nyimbo tatu. Linatambulika kwa alama ndogo ya kumetameta. Watu wengi huwa wanadhani wako ndani ya orodha yao wenyewe. Gusa kitufe mpaka kirudi kwenye uchanganyaji wa kawaida au kizimike.

Halafu tenga orodha zisizokuhusu. Nyimbo za kulalia, za watoto, za dukani: fungua orodha, gusa nukta tatu, uchague "Exclude from your taste profile". Na simu ikienda kwenye spika ya watu, washa "Private session" kabla ya kuikabidhi. Kusikiliza bila intaneti hakukusaidii kujificha. Nyimbo ulizopakua ili kuokoa bando hurekodiwa pia na kutumwa simu ikipata mtandao.

Kuzima peke yake huacha pengo, kwa hiyo lisha mashine kwa makusudi. Tafuta msanii kwa jina, gusa wimbo, uusikilize hadi mwisho, uuhifadhi, umfuate msanii. Kwa wenye majina mengi, fuata kurasa zote. Sambaza kazi hiyo kwa wiki tatu au nne badala ya kuimaliza usiku mmoja.

Majina uyapate wapi? Kwa watu. Ramogi FM, Kameme FM, Musyi FM na Mulembe FM zina watangazaji wanaojua nani alipiga gitaa gani. Miksi za madijei wa hapa zimejaa Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi yenyewe. Kwa muziki wa zamani kuna duka la Melodica, Tom Mboya Street jijini Nairobi, na kibanda cha santuri pale Kenyatta Market, ambako unaweza kutaja mdundo tu ukaonyeshwa sahani. Lebo ya Ketebul Music imekuwa ikirekodi na kuhifadhi muziki wa asili wa Kenya kwa miaka mingi. Andika majina, rudi nyumbani, yatafute moja moja.

Ili kujua kama mabadiliko yanaleta matokeo, tumia Discover Weekly, orodha ya mapendekezo ambayo Spotify hukutengenezea. Huja kila Jumatatu ikiwa na nyimbo 30. Piga picha ya skrini kabla hujabadilisha chochote, uhesabu wasanii wa Afrika Mashariki ni wangapi, kisha uhesabu tena kila Jumatatu kwa wiki sita. Wiki moja haisemi kitu. Kama namba haisogei, mara nyingi sababu ni akaunti inayotumiwa na watu wawili.

YouTube

Kwa Wakenya wengi YouTube ndiyo redio, na huko vitufe vya kukataa ni dhaifu kuliko vinavyojionyesha. Shirika la Mozilla ilivipima mwaka 2022 kwa watu zaidi ya 22,000. Kitufe cha kutopenda kilizuia asilimia 12 tu ya mapendekezo mabaya, "Not interested" asilimia 11, kufuta video kwenye historia asilimia 29, na "Don't recommend channel" asilimia 43. Basi ukichoshwa, nenda moja kwa moja kwenye hicho cha mwisho. Historia ya ulivyotazama inapatikana myactivity.google.com, na ukiizima kabisa ukurasa wa mwanzo hubaki mtupu, jambo ambalo wengine huliona adhabu na wengine mapumziko.

Wimbo wa mashine: angalia karatasi kabla ya sikio

Uchunguzi wa Deezer na kampuni ya utafiti ya Ipsos wa Novemba 2025 uliwachezea watu 9,000 katika nchi 8 nyimbo za watu na za mashine, na asilimia 97 hawakuweza kuzitofautisha. Sikio lako huenda liko katika ile asilimia 3, lakini usiliwekee dau.

Tarehe za kutolewa ndizo zinazosema zaidi. The Velvet Sundown ilitoa albamu mbili Juni 2025, ikavuka wasikilizaji milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify, na Julai ukurasa wake ukakiri kwamba ni mradi uliotengenezwa kwa akili unde. Msanii mwenye albamu nyingi ndani ya miezi michache, asiye na onyesho hata moja, picha zake zote zikiwa na mwanga uleule, hana jina la prodyuza wala la studio: shuku. Fungua "View credits", orodha ya walioutengeneza wimbo. Mtafute pia kwenye Deezer, ambayo tangu Juni 2025 hubandika alama kwenye albamu zenye nyimbo za mashine na kuziondoa kwenye mapendekezo yake. Kwenye YouTube, soma maelezo chini ya video, palipoelezwa maudhui yalivyotengenezwa. Spotify ilitangaza Septemba 2025 kwamba itaonyesha matumizi ya akili unde kwenye orodha hiyo ya "credits", lakini anayejaza ni msambazaji wa wimbo mwenyewe, hivyo kukosekana kwa alama hakuthibitishi kitu.

Baada ya hayo ndipo usikilize, kwa hedifoni, si spika ya simu. Zingatia herufi s na sh, kama zinachuruzika zaidi ya kawaida, na matoazi, kama yanamung'unyika badala ya kulia na kufifia. Kwa wimbo wa Kiswahili, sikiliza ng' inavyotamkwa, na mkazo kama unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sheng nayo ni kipimo kizuri, kwa sababu lugha ya mtaa hubadilika kabla mashine haijaisoma popote. Tahadhari: wimbo uliopitia WhatsApp mara tano hubanwa mpaka unatoa mchuruziko uleule. Tafuta nakala safi kabla ya kumtuhumu mtu.

Usichanganye pia wimbo wa mashine na wimbo uliosaidiwa na mashine. "Now and Then" ya Beatles, iliyotoka Novemba 2023, ilitumia programu kutenganisha sauti ya John Lennon na piano kwenye kanda ya zamani, ikashinda Grammy mwaka 2025. Madijei wetu hutenganisha sauti na ala kwa zana kama Spleeter, iliyotolewa bure na Deezer mwaka 2019. Hilo ni fundi na bisibisi yake. Kuigiza sauti ya mtu bila ruhusa, kama ilivyofanyiwa sauti za Drake na The Weeknd Aprili 2023, ni jambo jingine. Ukikuta sauti ya msanii wa Kenya kwenye wimbo usiouona kwenye kurasa zake rasmi, ripoti wimbo huo ndani ya programu na umjulishe msanii.

Programu isiyo na kitufe cha kupakua

Si kila programu ya muziki iliyo kwenye simu yako itakupa faili kwa kubofya. Kwa hizo, andika barua pepe kwa anwani iliyo kwenye sera yao ya faragha. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinakupa haki ya kuona data yako, kupinga matumizi yake, kuirekebisha na kuomba ya uongo ifutwe. Cha 38 kinakupa haki ya kuipokea kwa muundo unaosomeka na mashine. Barua iwe fupi: "Kwa mujibu wa vifungu vya 26 na 38 vya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala ya historia yangu yote ya usikilizaji, ikijumuisha saa, muda wa kucheza na chanzo cha kila wimbo, pamoja na makundi yoyote mliyoniweka kwa ajili ya mapendekezo au matangazo." Weka jina la akaunti na barua pepe uliyojiandikishia. Usitume picha ya kitambulisho mpaka waiombe na waeleze kwa nini.

Wengine hupenda kutaja kifungu cha 35, kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Kiache. Kinalenga maamuzi yenye athari za kisheria au makubwa kwa mtu, kama mkopo wa simu, na kuletewa wimbo usioupenda hakufiki huko.

Wakinyamaza au wakikataa, hifadhi barua zote na upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yao. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.